Jiwe Lililonunia Taa za Sola

Mama,

Nina kipara. Nilitaka ulisikie hilo kutoka kwangu kabla hujalisikia kwa mwingine, maana najua huko uliko umbea unafika upesi kuliko barua. Kichwa kinang'aa, masikio yamejitokeza, na wateja wangu hapa Kasulu wameanza kuniita mjomba. Aliyeninyoa ni kaka Meshaki. Ndiyo, Meshaki wako, mwenye mikono mizito, ambaye hata kuku hajui kumnyonyoa vizuri. Kanikata kidogo juu ya sikio la kushoto. Kidonda kimeshapona, lakini kila saa najikuta nakigusa kwa kidole, kama mtu anayehakikisha kwamba ufunguo bado uko mfukoni.

Nitakueleza ilivyokuwa. Utacheka, kisha utanyamaza, kisha utacheka tena. Mimi nilianza kwa kulia.

Tumemaliza matanga, Mama. Tumeganduka, kama mnavyosema nyinyi. Baba mdogo Simeoni aliona mvua zimepungua, akasema watu warudi kushika majembe kwa amani, na mambo yafanyike kama desturi mliyovuka nayo kutoka Burundi inavyotaka: vitu vya marehemu vitolewe nje, vionwe na ukoo mzima, halafu watoto wake wanyolewe, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Asiye mtoto hanyolewi. Hilo halisemwi kwa sauti, ila kila mtu analijua.

Tangu siku tuliyokuzika mimi nilikuwa nawaza wembe tu. Je, nitaitwa? Nani ataniita? Wewe ulinitoa Mtabila, kambi ya wakimbizi ilipokuwa inafungwa, bibi yangu ameshakufa, malori ya kurudi Burundi yanapakia watu na hakuna hata mmoja aliyekuwa wangu. Wewe ulikuwa umekuja kuuza ndizi. Ulimpa mtu sinia lako akushikie, ukanishika mkono, ukamwambia mwenye kuandika majina, "Huyu ni wangu. Tulipotezana sokoni." Uongo mtupu, na nimekulia ndani yake. Ulikuwa unasema hivyo hata kwa wageni, kwa uso mkavu kabisa, mpaka dada Velonika akawa anauliza ni soko gani hilo watu wanapotezeana watoto wazima. Lakini shahidi wa uongo ule ulikuwa wewe peke yako, na wewe umeondoka.

Basi siku ikafika. Vitu vyako vikapangwa kwenye mkeka mbele ya nyumba pale Busunzu: jembe lako la mpini mfupi, vitenge, redio ya marehemu Baba isiyosema, Biblia ya Kirundi, na ile sufuria yenye mkwaruzo kitakoni. Watu wakavitazama kwa adabu, lakini kila mmoja alikuwa anasubiri kitu kimoja tu. Kaa.

Ndivyo tulivyoliita jiwe lako, na ndivyo nilivyolikuta likiitwa. Kaa, kwa sababu lilikuwa jekundu kama kaa la moto linalotaka kuzima. Hatukuliona siku nyingine yoyote ila jioni ya mkesha wa Noeli. Tukishakula wali, ulikuwa unaweka koroboi katikati ya mkeka, unatugeuzia mgongo, unafumua upindo wa kitenge chako na kulitoa. Dogo, mfano wa punje ya harage. Kila mtoto alilishika kiganjani karibu na ule moto, akataja jambo moja la kushukuru, akampa mwenzake. Noeli yangu ya kwanza sikujua la kusema. Nikasema nashukuru kwa wali. Meshaki alicheka mpaka akapaliwa, na wewe ukamwambia, "Wali ni jambo kubwa, mwache," ukaniongezea.

Jinsi ulivyolipata tulijua wote. Wewe na Baba mlikuwa Tunduru, enzi zile watu wanakimbilia mawe, Baba akichimba, wewe ukiwapikia wachimbaji. Sufuria zako ulizisugua kwa mchanga wa mtoni. Siku moja mchanga ukaikwaruza sufuria mpya hadi ikalia. Ukatukana (sehemu hii ulikuwa unairuka mbele ya padri), ukauchambua mchanga ule kama unavyochambua mchele, na mkorofi akaonekana. Baba alichimba msimu mzima akarudi na redio. Wewe ulirudi na jiwe, na mkigombana hukukosa kumkumbusha. Watu walikushauri uliuze. Ulisema vyote ulivyowahi kuuza umeshasahau vilivyokuwa.

Halafu nikaja mimi na sola zangu.

Unakumbuka nilivyojivuna? Kibanda changu cha kuuza na kutengeneza taa kilikuwa ndiyo kwanza kimesimama, na faida yangu ya mwanzo nikainunulia paneli, betri na taa za nyumba yako, kwa sababu koroboi ilikuwa inakukohoza na mimi sikuweza kukisikia kile kikohozi bila kuumia. Nilipanda juu ya bati mwenyewe, wewe uko chini unapiga kelele kwamba nitavunjika shingo na hakuna mwanaume atakayenioa. Nilipowasha, ukuta ukawa mweupe pee. Ulipiga vigelegele, ukawaita majirani. Na ile koroboi nikaitupa kwenye shimo la taka mbele ya macho yako, nikijiona nimeua nyoka.

Noeli iliyofuata tulikuwa wawili tu. Meshaki alikuwa amekwama Manyovu mpakani na mizigo yake, Velonika yuko kwa mumewe Kibondo na kichanga. Ulikaa chini ya taa yangu, ukafumua upindo, ukafungua kiganja, ukatazama, ukafumba upesi. "Leo limenuna," ukasema. "Tuliache lilale." Mimi nikadhani aliyenuna ni wewe, kwa kuwa wenzangu hawakuja. Tukaimba wimbo mmoja, ukashona upindo wako, basi. Hatukupata Noeli nyingine, Mama. Kifua kilikushinda wakati maharage yanaanza kutoa maua.

Sasa turudi mkekani. Baba mdogo aliniambia mimi nifumue upindo, kwa kuwa ndimi niliyekuuguza na kitenge kile hakikutoka chini ya mto wako mpaka mwisho. Ilikuwa asubuhi, jua limetoka kali baada ya mvua, migomba inametameta. Nikaukata uzi kwa meno kama ulivyokuwa unafanya wewe. Jiwe likaniangukia kiganjani.

Lilikuwa la kijani.

Kijani kibichi, Mama, kama majani ya chai. Nililigeuza. Nikaupapasa upindo mzima nikidhani lile jekundu limebaki ndani na hili ni la pili. Hamna kitu. Nikainua macho, nikawakuta watu wote wameacha kutafuna.

"Kaa liko wapi?" Meshaki aliuliza, taratibu.

Nikamwambia ndilo hilo, ndilo lililokuwemo. Akasema, "Weye, mimi si kipofu. Nimelishika tangu sijaota meno ya pili. Kaa liko wapi?" Jirani mmoja nyuma akatoa ushauri wa bure: hicho ni kipande cha chupa ya soda. Meshaki akachukua chupa tupu kwenye kreti za wageni, akalivuta jiwe juu yake kwa nguvu. Chupa ikalia, ikabaki na mstari mweupe. Jiwe halikuwa na hata alama. Hapo nikapumua. Nikadhani yamekwisha.

"Ego, sawa, si chupa," Meshaki akasema. "Ni jiwe kweli. Basi umelibadilisha."

Yule shangazi wa ukoo mwenye fimbo, ambaye hukumpenda na ulikuwa sahihi, akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako," akatema mate pembeni. Velonika masikini alijaribu. Alisema labda ni jua linatuchezea macho, Kaa tumelizoea ndani, twendeni ndani. Tukaingia. Wakafunga madirisha, wakawasha taa. Taa yangu mwenyewe, niliyoifunga kwa mikono yangu hii. Ikawaka kwa uaminifu wote. Na jiwe likabaki kijani, tena kijani kinachoelekea buluu, baridi kama jicho la paka. Velonika akanitazama, akainamisha kichwa. Niliona alivyokuwa anataka kuniamini na anashindwa.

Kunyoa kukaanza. Meshaki akanyolewa. Velonika akanyolewa, analia. Mimi nilikuwa nimeshapiga magoti nyuma yao, kilemba nimekivua, nywele zangu zile ulizokuwa unazisifia nimezitimua tayari. Baba mdogo akaufunga wembe kwenye karatasi yake. Hakunitazama. Alisema, "Huyu asubiri kwanza." Akaliweka jiwe mapajani mwangu kama mtu anayerudisha chenji, akaenda kukaa.

Mama, kuitwa mwizi ningestahimili. Wizi una polisi, una kiapo, mwisho wake upo. Lakini *huyu*. Neno lilelile ulilolisema Mtabila ulipokuwa umenishika mkono, sasa likasemwa bila mkono. Nikainuka nikaenda jikoni kwako.

Unajua sikuwahi kukifungia taa kile kibanda cha jikoni. Nilitaka, ukakataa. "Jikoni moto unatosha," ulisema, na mimi nikaona ni ukaidi wa wazee. Kulikuwa na giza na moshi kama siku zote. Wapishi walikuwa wametoka kwenda kushuhudia kesi yangu, maharage ya wageni yanatokota peke yake. Nikakaa kwenye kigoda chako. Nililia, nikafuta kamasi kwa kanga, nikalia tena. Kisha hasira ikanipanda. Nikafungua kiganja mbele ya moto nilitukane lile jiwe kama ulivyolitukana wewe siku ile mtoni.

Jekundu. Jekundu la Noeli, lilelile, kaa linalotaka kuzima.

Sijui nilipiga kelele ya aina gani. Velonika alikuja mbio akidhani nimejitupa motoni. Nikamwonyesha. Akalitazama, akanitazama mimi, akasema "Yoo!" kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tukiwa watoto. Akaja Meshaki. Akaninyang'anya jiwe, akalitazama kwa moto, akatoka nalo mlangoni. Kijani. Akarudi. Jekundu. Akatoka. Kijani. Akarudi. Jitu zima lenye kipara kipya linapita mlango mfupi huku limeinama, linatoka, linaingia, kila mara linagonga kichwa kwenye mti wa juu, na halisikii maumivu. Nje watu wakaanza kucheka. Baba mdogo akajipenyeza ndani naye aone, kofia yake ikatumbukia kwenye maharage. Tukaiopoa. Maharage yaliliwa, usijali.

Mwisho Meshaki alichoka. Alikaa kwenye kigoda chako, akalifumba jiwe mkononi, akalia kwa sauti. "Mama alijua," alikuwa anasema. "Mama alijua siku zote." Na mimi hapo ndipo nilipoisikia tena sauti yako, chini ya taa yangu: leo limenuna.

Baba mdogo alitoka nje, akavuta pumzi, akauliza kwa sauti ambayo hata yule shangazi mwenye fimbo aliisikia: "Maji ya mtoto wa mwisho yako wapi?"

Nilisikia, Mama. Nilisikia vizuri sana.

Wembe mpya ukatolewa. Baba mdogo alimpa Meshaki, akamwambia amalize kazi. Meshaki hakuniomba radhi, unamjua. Alisema tu, "Inamisha kichwa, sha," kama ndugu wanavyoitana. Akaanza kunyoa taratibu kuliko anavyofanya jambo lolote duniani, na bado akanikata. Machozi yake yalikuwa yananidondokea kisogoni, mimi nikajifanya ni maji. Nywele zangu zikaangukia mahali pamoja na za kwao.

Kuhusu jiwe, baba mdogo alihukumu palepale. "Likae kwa fundi taa," alisema. "Yeye ndiye aliyeligombanisha na sisi, yeye ndiye alibembeleze." Meshaki akaitikia wa kwanza. Nimelishona tena kwenye upindo uleule, kwa mshono wako ule mbaya wa haraka haraka, nimeuigiza.

Sasa nikueleze ni jiwe gani ulilokuwa nalo, maana nimelisomea. Unamkumbuka Mwalimu Odeta, yule wa jiografia, anayeniletea taa ileile kila mara kuitengeneza kwa sababu watoto wake wanaiangusha? Nilimwonyesha. Alikaa kwenye benchi langu akasahau taa. Akaenda kusoma, akarudi kesho yake na mengine, na tangu hapo tunalizungumza kama watu wanavyozungumza mpira.

Linaitwa aleksandriti. Watu wa kwanza kulipa jina hilo walilikuta kwenye milima ya baridi huko Urusi, wakalipa jina la mwana wa mfalme wao. Wewe ulilipa jina la mkaa. Nadhani lako linafaa zaidi. Ni adimu kwa sababu limetokana na vitu viwili ambavyo kwa kawaida havikutani. Kimoja ni berili, chepesi, kinachosafiri na majimaji ya moto yanayobaki mwishoni wakati mwamba mweupe wa granaiti unapopoa huko chini. Kingine ni kromi, ambacho makao yake ni miamba myeusi mizito iliyotoka kina kirefu. Kila kimoja kina kwao. Mpaka itokee mshipa wa ule mwamba mweupe umepenya katikati ya ule mweusi, ndipo vinapoonana, na hata hapo si hakika. Ile silika, kitu kinachofanya mchanga na chupa, ikizidi tu, kinachoota ni zumaridi. Mwalimu anasema wengine wangefurahi kupata zumaridi. Nikamwambia wengine si Mama.

Kisha milima inazeeka. Mvua zinamomonyoa mwamba, jiwe linang'oka, mto unalichukua. Vingi vinavyosafiri nalo vinasagika njiani vinakuwa tope. Hili linafika, kwa kuwa ni gumu ajabu. Yanayolizidi ugumu ni machache, rubi na yakuti, halafu almasi. Linakwaruza chupa, linakwaruza hata yale mawe meupe ya mtoni. Nikasema sufuria ya Mama ilishalitolea ushahidi. Mwalimu anasema kule Tunduru watu wanayaokota kwenye changarawe za mito, na mara nyingi hakuna ajuaye mwamba uliolizaa jiwe uko wapi, wala kama bado upo. Hapo nililifumba jiwe kiganjani, Mama, nikaanza kuifungua taa yake.

Na rangi sasa. Tulifunga mlango wa kibanda, tukalijaribu kwa kila mwanga nilio nao. Mshumaa: jekundu. Globu ya zamani ya tochi, ile yenye waya ndani: jekundu. Tochi ya simu: kijani. Sola: kijani. Jiwe lenyewe linameza mwanga wa njano, linaachia kijani na wekundu, karibu sawa kwa sawa, na jicho linaegemea upande uliojaa. Jua lina kijani cha kutosha. Moto wa kuni na wa utambi umejaa wekundu. Na taa zangu nazifungua kila siku, nazijua: ndani kuna kitone cha buluu kilichofunikwa unga wa njano. Wekundu wake kiduchu. Yaani nilifunga mchana ndani ya nyumba yako, Mama, halafu nikashangaa Kaa haliwaki.

Hapo bado sikuwa nimejua neno kubwa. Nililijua juzi.

Nilikwenda Busunzu kufagia chumba chako. Nikavuta gunia la mbegu za maharage lililokuwa chini ya kitanda, mkono ukagusa bati. Ile koroboi. Ile niliyoitupa shimoni nikijiona nimeua nyoka. Imeoshwa, utambi umekatwa vizuri, mafuta yapo nusu. Na ukutani, chini kabisa, pale ambapo kitanda kinaficha, kuna duara jeusi la moshi, si la siku moja.

Mwizi wewe! Nilikuwa nakuuliza mbona chumba kinanuka mafuta ya taa, unanijibu panya wamemwaga. Panya! Na mimi nikanunua mtego.

Nilitaka kukasirika. Nilifikiria kifua chako na ule moshi, nikakaa chini sakafuni na koroboi mapajani, hasira ikakataa kuja. Nikakuona. Mimi nimelala chumba cha pili, wewe umepiga magoti nyuma ya kitanda chako mwenyewe kama mtoto anayeiba sukari, umewasha utambi mdogo, unaliangalia jiwe lako likirudi kuwa jekundu. Labda unashukuru jambo lako moja. Labda unatutaja.

Kumbe usiku ule wa Noeli ulijua. Tangu Tunduru ulijua, ulipoliokota mtoni asubuhi kijani na ukaliona jekundu motoni jioni. Sababu ya kutotuambia sijui, na nafikiri ni kwa sababu ulipenda kuwa na siri yako moja ambayo hakuna mtoto ameishika kwa mikono yenye mafuta. Hiyo nakuachia. Lakini usiku ule ungeweza kusema, "Mwanangu, taa yako hailifai jiwe hili, nenda kachukue koroboi." Neno moja tu. Nami ningechomoa waya, ningeichukia ile paneli, ningerudi Kasulu nimenyong'onyea na faida yangu ya kwanza. Hukulisema. Ulifumba kiganja, ukalisingizia jiwe. Uliliacha jiwe linune ili mimi nisinune.

Mama wa Meshaki na Velonika peke yao asingeogopa hivyo kumuumiza mtoto wa kuokota. Nimewaza hilo njia nzima ya kurudi Kasulu, nimekaa dirishani na kipara changu, nacheka na kulia, abiria wa pembeni akahamia kiti kingine.

Basi sikia ahadi yangu. Noeli hii Meshaki anakuja, ameapa hata mpaka ukifungwa atakuja. Velonika analeta watoto. Nitazima sola nyumba nzima, na kesho yake asubuhi, kabla ya misa, nitawatoa wote nje walione likiwa kijani, maana ni lako vilevile na hawakuwahi kulijua hivyo. Koroboi yako nitaiweka katikati ya mkeka, dirisha wazi, moshi utoke. Mafuta ya taa siku hizi ni shida kuyapata. Nimeshaweka chupa moja, na panya nimewaonya.

Pumzika sasa. Usikohoe. Kifua chako hakina kazi tena, na mimi sipandi tena juu ya bati bila mtu wa kunishikia ngazi; Meshaki amejitolea kazi yako ya kupiga kelele chini. Nywele zimeanza kuota, zinachoma kiganja nikizipapasa.

Wakilipitisha jiwe likanifikia, safari hii najua la kusema. Nitashukuru kwa siku ile tulipopotezana sokoni.

Mwanao wa mwisho,
Jenerosa